Tupeane uzoefu: mzingo wa pembetatu ulikukuta wapi nje ya skuli?

Mama Watatu (Unguja)
Asalaam aleykum wapendwa. Jana usiku nimekaa na mwanangu kwenye homuweki yake, pembetatu yenye pembe mraba, pande mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo ni sm 6 na sm 8, atafute mzingo. Kaandika 14. Na mie nikamwambia sawa, mzingo si kujumlisha pande, tushamaliza! Asubuhi dada yake mkubwa ndo akatwambia pembetatu ina pande tatu, huo wa tatu haukuandikwa lakini upo, mnautafuta kwa kanuni ya Pythagoras: 6 mara 6 ni 36, 8 mara 8 ni 64, jumla 100, kipeuo chake 10, basi mzingo 24. Wallahi sikulala vizuri nikijua nimempotosha mtoto. Nyie wenzangu hesabu hii ilikukuteni wapi? Tupeane.

bi_mshoni
Waaleykum salaam shoga angu. Mie ulinikuta kwenye mitandio. Nilikuwa na kitambaa mita moja kwa mita moja, nikakikata pembe kwa pembe nitoe mitandio miwili ya pembetatu, nataka kuizungushia lesi. Nikasema kitambaa kizima mzingo wake mita 4, basi nikenda Darajani nikanunua mita 4 juu kwa juu. Nashona, wa kwanza umeisha vizuri, wa pili nimefika ubavuni lesi kwisha! Kumbe pale nilipokata nimezalisha ukingo mpya, tena mrefu kuliko zote, mita 1.41, na unahesabiwa mara mbili kwa sababu kila mtandio una wake. Kila mmoja unataka 1 na 1 na 1.41, yaani 3.41, miwili ni karibu 6.83. Nirudi dukani lesi ile haipo, iliyobaki ni ya maziwa na yangu nyeupe, ukizitia pamoja unaona kabisa. Ule wa pili nimeufumua wote.

Fundi Pemba
Siye mafundi tunautumia kinyumenyume, mzingo tunao kabla ya pembetatu. Unachukua kamba ya futi 12, unatia alama kila futi, unaunganisha ncha mbili. Mmoja anashika pale kwenye maungio, mwengine alama ya 3, mwengine ya 7, mnavuta mpaka ikaze, imetoka 3, 4, 5 na pale alama ya 3 ndo pembe mraba ya kona ya nyumba. Lakini jamani kamba isiwe ya nailoni, mie nilitumia ya nailoni kwenye chumba kimoja Wete, inavutika ile, upande wa 5 ukavutwa zaidi ya wenzake na hatukujua mpaka alipokuja fundi wa vigae, safu ya mwisho ukutani vigae vinaanza vizima vinamalizia vipande vyembamba kama kidole. Siku hizi napima kwa utepe wa chuma, mita 3, 4 na 5, nyumba kubwa 6, 8, 10.

Shamba Dole
Mie kiwanja cha pembetatu, kimebanwa na njia mbili. Dalali kaniandikia pande mita 25, 20 na 50, mzingo 95, seng'enge mistari minne kwahiyo ninunue mita 380. Nikajaribu kukichora kwenye karatasi, haikutoka! Nachora mara ya pili haifungi, zile pande mbili fupi hazikutani. Ndo nikaelewa, 25 na 20 ni 45, itafikaje 50? Pembetatu hiyo haipo duniani. Nikamchukua ami yangu tukapima wenyewe, ule wa tatu mita 38. Mzingo 83, mara nne 332. Mita 48 za seng'enge ningelipia bure, na mbaya zaidi ningejiona nina eneo ambalo sina.

mwana_Nungwi
Mashallah mada nzuri hii. Babu yangu alikuwa akishona matanga ya ngalawa na utepe wa kupimia hana. Tanga analitandaza mchangani, anaizungusha kamba pembeni mwake, upande wa foromali (ule mti wa juu unaoshika tanga), kisha wa nyuma, kisha wa chini, akirudi pale alipoanzia anaweka fundo, halafu anaipima kamba kwa pima za mikono yake mwenyewe. Pande za tanga hazilingani hata moja, hamna njia ya mkato ya kuzidisha, ni kuzipita zote. Halafu akiongeza shubiri moja kwa kila pembe, maana pale kamba inapindwa iache kitanzi cha kufungia. Nilimuuliza kwanini asikate kabisa sawasawa, akanionesha tanga moja kuukuu, pembe yake imechanika kwa sababu kamba ililazimishwa.

Mama Watatu
Bi mshoni, sasa ukitaka mitandio ya pande zote sawa unakataje? Maana hapo ni upande mara tatu tu ushamaliza.

bi_mshoni
Kwa kitambaa cha mraba hupati bila kupoteza vipande shoga. Njoo nyumbani nikuoneshe, na mtoto mlete.