Hajawahi kushika hata udiwani: anafaa kuwa rais?

Swali

Wakuu, salaam. Kila nikitaja mgombea urais ambaye hajawahi kuwa diwani wala mbunge, wenzangu wananijia juu: Ikulu si mahali pa kwenda kujifunzia kazi. Lakini katiba nyingi hazidai uzoefu wowote. Ya Marekani inataka umri wa miaka 35, uraia wa kuzaliwa na kuishi nchini miaka 14, basi. Je, mpiga kura ana haki ya kudai zaidi ya hapo?

Jibu la kwanza

Haki hiyo anayo, mkuu, na aitumie. Ila adai kitu sahihi.

Mimi ni karani wa kamati ya bunge kwa miaka mingi. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao na kuandaa makabrasha ya wajumbe. Nimeona mawaziri wengi wakiletwa kutoka kwenye biashara na vyuo vikuu. Mafungu ya bajeti wanayaelewa upesi kuliko watu wanavyodhani. Kinachowatoa jasho ni kukaa mbele ya watu wasioweza kuwafukuza kazi. Mjumbe wa upinzani anakataa fungu, na waziri aliyezoea kuamuru inabidi arudi kesho yake na hoja nzuri zaidi, tena kwa adabu. Wapo walioweza. Wapo walioanza kuliona bunge lenyewe kuwa ni adui, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kwa hiyo mgombea wa namna hiyo mimi namuuliza: bajeti yako ya kwanza utaipitisha na nani? Alberto Fujimori alikuwa mhandisi wa kilimo na mkuu wa chuo kikuu alipochaguliwa kuwa rais wa Peru mwaka 1990. Hakuwa na wingi bungeni. Tarehe 5 Aprili 1992 akalivunja bunge, jeshi likiwa nyuma yake. Mwaka 2009 mahakama ya nchi hiyo hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa mauaji na utekaji uliofanyika chini ya utawala wake. Mlinganishe na Zelensky wa Ukraine, aliyetoka kwenye uchekeshaji. Alipoapishwa 2019 aliitisha uchaguzi wa bunge mapema, chama chake kipya kikapata viti 254. Hata anayempinga atakubali kwamba alijua atahitaji kura za nani.

Jibu la pili

Karani, nakuheshimu, lakini viti peke yake havitoshi. Mwaka 2017 chama cha Trump kilishika mabaraza yote mawili ya Congress, yaani bunge la Marekani, na bado mswada wa kufuta sehemu ya sheria ya bima ya afya ulianguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. Halafu huo uzoefu tusiutukuze. James Buchanan, rais wa Marekani kabla ya Lincoln, alikuwa amepitia ubunge, useneta, ubalozi na uwaziri wa mambo ya nje, na majimbo yakaanza kujitenga yeye akiwa madarakani. Lincoln aliyempokea alikuwa amekaa Congress kipindi kimoja tu.

Jibu la kwanza

Buchanan nakubali, wala sisemi wasifu mrefu ndiyo sifa. Huo mswada wa 2017 ndio hasa ninaousema: waliouangusha ni pamoja na maseneta watatu wa chama chake mwenyewe, watu ambao rais hawezi kuwaachisha kazi.

Muuliza swali

Basi jenerali je? Naye hajagombea popote, na amezoea kuamuru kuliko mfanyabiashara yeyote.

Jibu la kwanza

Inategemea aliamuru nani. Eisenhower, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa kabla ya urais, lakini katika vita vya pili vya dunia aliongoza majeshi ya mataifa kadhaa, na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, hakuwa mtu wa chini yake. Ilibidi ashawishi. Katika miaka yake 8 ya urais, 6 ya mwisho Congress ilikuwa mikononi mwa chama pinzani, na bado sheria kubwa ya barabara kuu ya 1956 ilipita. Jenerali wa aina hiyo ningempa kura. Asiyewahi kumbembeleza mtu asiye chini yake, hata awe hodari namna gani vitani, kwanza anieleze kamati yangu ikimkatalia fungu atafanya nini.