Mrejesho: viti vya spoti vilivyokwama kwenye reli

Niliuliza kwa nini kiti kipya cha spoti hakisogei kikishafungwa kwenye gari la zamani. Tatizo ni reli (njia mbili za chuma ambazo kiti huteleza juu yake) kutokuwa sambamba: sakafu imepinda kidogo, na bolti zikikazwa mojamoja hadi mwisho huvuta fremu upande. Legezeni zote nne, sogezeni kiti mbele na nyuma, kisha kazeni kidogokidogo kwa mshazari. Pengo chini ya bano (kipande cha chuma kinachoshikilia kiti kwenye sakafu) lijazwe kwa washa nene za chuma, lisivutwe kwa bolti. Kufuli za reli zote mbili zishike pamoja. Upande mmoja ukichelewa, rekebisheni waya wa lachi, yaani waya unaovuta kufuli hiyo. Kipokeo cha mkanda wa usalama (pale ulimi wa mkanda unapochomekwa)? Kamwe kisifungwe kwenye bati tupu lisiloimarishwa.