Kadi ya mkopo yenye pointi za safari: inamfaa mfanyabiashara wa Kirumba anayefuata mzigo Dubai?

Vipuri Kirumba ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaotumia hizi kadi, hasa mlioko Mwanza au mnaosafiri kibiashara.

Nina duka la vipuri vya mashine za boti hapa Kirumba, si mbali na Mwaloni. Nauza plagi, propela, pampu za maji, oili na kamba. Wateja wangu wengi ni wenye mitumbwi ya dagaa na sangara kutoka visiwani: Ukerewe, Ukara, Kome. Mzigo naufuata Dubai, kwa hiyo tiketi ni Mwanza–Dar, halafu Dar–Dubai, bado hoteli ya Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, na kilo za ziada wakati wa kurudi.

Wiki iliyopita ofisa wa benki ninayoweka fedha alikuja dukani kunishawishi nichukue kadi ya mkopo. Anasema kila nikichanja napata pointi, zikijaa nabadilisha kuwa tiketi ya ndege. Kuna ada ya mwaka. Deni la mwezi nikilimaliza lote kabla ya tarehe yao, sitozwi riba. Nikamwambia anipe muda. Kaka yangu anaishi Houston, ana kadi mbili za huko, na mara ya mwisho alikuja kumsalimia mama kwa tiketi ya pointi. Yeye ananihimiza nisichelewe.

Kinachonifanya nisite ni matumizi yangu yenyewe. Luku nanunua kwa simu. Samaki, mchele na mboga ni taslimu sokoni. Mafuta ya gari nalipa kwa lipa namba, ada za watoto zinaingia moja kwa moja benki. Nikihesabu vizuri, kadi ningeichanja supamaketi pale Rock City Mall siku mojamoja, kisha tiketi, hoteli na oda za mtandaoni. Basi.

Kuna jambo jingine ambalo ofisa yule hakulielewa kabisa nilipomweleza. Hela yangu inakwenda na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wanapandisha mitumbwi, duka linapoa, na waliochukua vipuri kwa mkopo wanasubiri giza lirudi ndipo walipe. Hawana ubaya, ndivyo ziwa lilivyo. Lakini benki itataka hela yake tarehe ileile kila mwezi.

Je, kwa mtu wa aina yangu pointi hizi zina faida ya kweli? Na kama zina faida, niangalie nini kwanza ninapolinganisha kadi ya benki moja na nyingine?

Mhasibu Nyegezi amejibu:

Dada, umeuliza swali zuri, na nusu ya jibu umeliandika mwenyewe. Kadi hailinganishwi kwa picha ya ndege iliyoko kwenye kipeperushi. Mwambie ofisa wako akupe maandishi yenye mambo mawili: natumia shilingi ngapi kupata pointi moja, na pointi moja nikiitumia inanilipia shilingi ngapi. Ukiyapata hayo unaweza kujipigia hesabu mwenyewe hapo dukani.

Chukua mfano wa kufikirika. Kadi inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 2,000, na pointi 1 ina thamani ya shilingi 10 kwenye tiketi. Hiyo ni nusu asilimia. Ukichanja milioni 1 kwa mwezi unapata pointi 500, yaani shilingi 5,000. Kwa mwaka mzima ni 60,000. Ada ya mwaka ikiwa 100,000, umeilipa benki 40,000 ili ikupe zawadi. Kwa hiyo ukishajua thamani ya pointi, itoe ada kwanza, halafu uone kama kuna kinachobaki.

Riba ndiyo yenye meno. Katika mfano uleule, tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi na ile milioni hukuilipa kwa wakati. Mwezi mmoja tu wa kuchelewa ni 30,000, sawa na pointi za miezi sita. Na kadi nyingi zina utaratibu huu ambao wateja hawaelezwi vizuri: usipomaliza deni lote, riba huhesabiwa kuanzia siku uliponunua, na manunuzi mapya nayo hupoteza zile siku zisizo na riba mpaka umalize deni. Kulipa "kiwango cha chini" kilichoandikwa kwenye taarifa ya mwezi kunakuepusha na faini tu. Riba inaendelea. Kutoa hela taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo usijaribu: kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo, kuna makato juu yake, na pointi hupati.

Sasa mbalamwezi. Usidhani dawa ni kuomba tarehe nzuri ya kulipa. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu, benki inafuata kalenda ya ukutani. Kwa mwaka mbalamwezi inarudi nyuma siku kama 11. Tarehe utakayoichagua leo kwa sababu iko katikati ya giza, baada ya mwaka na zaidi itakukuta boti zimelala mchangani. Kwa biashara yenye mapato ya namna hiyo ninachokubali ni kitu kimoja: kadi ichanjwe pale tu ambapo hela tayari ipo. Umelipa tiketi kwa kadi asubuhi, mchana hamisha kiasi hicho kutoka akaunti yako kwenda kwenye kadi. Pointi zako zinabaki palepale, na tarehe ya benki haikuhusu tena.

Mzigo wa Igoma amejibu:

Mama Vipuri, mimi pia Dubai naijua, nafuata vioo na taa za magari. Nikuambie ninavyoona huko, maana mhasibu amesema ya ofisini.

Ukifika kwa wauzaji wa jumla Deira na kutoa kadi, wengi wanaongeza asilimia yao juu ya bei. Taslimu au uhamisho wa benki ndiyo bei mliyopatana. Juu ya hapo benki yako hapa inaweza kukata asilimia kwa kubadilisha fedha. Ikiwa makato hayo ni asilimia 3, mzigo wa dola 5,000 umekugharimu dola 150 za bure. Pointi za nusu asilimia zitakurudishia dola 25. Kwa hiyo mzigo usiulipe kwa kadi, hata wakikuahidi pointi mara mbili. Uliza makato ya fedha za kigeni kabla hujauliza pointi. Kwa mtu anayetoka nje ya nchi, mimi naona hayo ndiyo ya kwanza, ada ya mwaka ya pili, pointi za tatu.

Ukilipa hoteli au chakula, mashine inaweza kukuuliza: unakatwa kwa dirhamu au kwa shilingi? Chagua dirhamu, kila mara. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaopanga bei ya kubadilisha, na huwa mbaya. Dirhamu yenyewe imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja tangu 1997, hivyo ni rahisi kukagua kama umekatwa sawasawa.

Lakini kadi ya mkopo ina kazi moja ambayo mimi naithamini kuliko pointi. Hoteli za kule zinashikilia amana unapoingia. Ukitumia kadi ya kawaida ya benki, hela yako halisi inazuiwa, na inaweza kuchukua siku nyingi kuachiwa baada ya kuondoka. Ile ilikuwa hela ya kununulia mzigo! Kwa kadi ya mkopo kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo, yaani kiasi ambacho benki imekuruhusu kukopa, fedha yako inabaki mkononi. Kwa sababu hiyo tu ningekushauri uwe nayo, hata isingekuwa na pointi.

Halafu, mama, je, umejiunga na mpango wa shirika la ndege lenyewe? Kujiunga ni bure na hakuhitaji kadi yoyote. Emirates na flydubai zote zinatumia Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles, Qatar Airways wanatumia Avios. Chagua mmoja kulingana na ndege unayoipanda zaidi, na namba yako iandikwe kwenye kila tiketi, hata inayokatwa na wakala. Ukizisambaza safari zako kwenye mipango minne hutafika popote, maana maili, yaani pointi za mashirika ya ndege, zina mwisho: za Skywards hudumu miaka 3 hivi. Na tiketi ya maili si ya bure kabisa, kodi na tozo za uwanja unalipa taslimu. Tena linganisha kilo za mizigo. Kwa sisi wa vipuri, ndege inayotoa begi moja zaidi inaweza kushinda pointi zote za mwaka.

Mwanza–Houston amejibu:

Mwangaluka ndugu zangu. Nami niko Houston kama kaka yake dada, nimezaliwa Mabatini. Nataka kueleza kwa nini kaka anaona pointi ni tamu na bado dada asimwige.

Marekani muuza duka analipa asilimia 2 hadi 3 hivi kila kadi ya mkopo inapochanjwa, na sehemu kubwa inakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Pointi zinalipwa kutoka kwenye fungu hilo. Ulaya, tangu 2015, sehemu hiyo imewekewa kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, ndiyo maana wenzetu wa huko hawapati zawadi za namna hii. Zawadi inategemea sheria na soko la nchi, ukarimu wa benki hauhusiki.

Kwa matumizi ya kila siku huku, kuna kadi kama Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash: zinarudisha asilimia 2 kwa kila kitu, bila ada ya mwaka. Tatizo lake zinakata asilimia 3 ukizitumia nje. Capital One Venture ina ada ya dola 95, inatoa maili 2 kwa kila dola, na nje haikati kitu. Chase Sapphire Preferred nayo ni dola 95, pointi 3 kwa migahawa na 2 kwa safari, nje pia haikati. Zote mbili za mwisho zinaweza kuhamishia pointi Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, na KLM inafika Dar na Kilimanjaro.

Mtu anayekuja Mwanza Desemba ajiulize: nitachanja kiasi gani nje ya Marekani? Ada ya dola 95 inajilipa kwa yale makato ya asilimia 3 ukifikisha karibu dola 3,200 kwa mwaka. Ukija nyumbani, na kila kitu pale Buzuruga ni taslimu na lipa namba, hufiki hapo. Kwa mtu huyo ipo Capital One Quicksilver: asilimia 1.5, haina ada ya mwaka, haikati nje. Mimi ndiyo ninayokuja nayo.

Dada, kama kaka atakupendekezea akuongeze kwenye kadi yake, mzungumze kwanza kwa kina. Chochote utakachochanja ni deni lake kisheria, na likichelewa linaandikwa kwenye historia yake ya mikopo. Riba za kadi huku zinapita asilimia 20 kwa mwaka. Undugu ni mkubwa kuliko pointi.

Mtumbwi Ukerewe amejibu:

Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa hao wanaochukua pampu kwa mkopo maduka ya Kirumba. Kadi chukua ukitaka, ila mzigo wa dukani usiununue kwa deni la benki. Tarehe yao ikikubana utatubana sisi, na mbalamwezi hatuna cha kukupa. Tutakwenda duka la pili, na wewe hutaki hivyo wala sisi hatutaki.

Vipuri Kirumba amejibu:

Marahaba mwanangu, umenena. Nawashukuru nyote, nimesoma kila neno na daftari likiwa mkononi.

Nimefuata hesabu ya mhasibu kwa matumizi yangu. Vitu ninavyoweza kuchanja bila kujilazimisha ni tiketi na hoteli, supamaketi kidogo. Hata pointi zikiwa nzuri, zinalingana na ada au zinazidi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo pointi nimeziweka pembeni. Lakini suala la amana ya hoteli limenigusa, maana hela yangu ilishawahi kuzuiwa nikiwa katikati ya manunuzi, nikaacha bidhaa nilizokwisha kupatana bei. Kwa ajili hiyo nataka kadi, yenye kikomo kidogo na ada ndogo, hata kama pointi zake ni hafifu.

Skywards nimejiunga jana usiku kwa simu. Kaka nimemwambia asiniongeze kwenye kadi yake, amekubali.

Limebaki swali moja kwa mhasibu: benki wakiniambia biashara yangu haina mshahara wa kila mwezi, wanaweza kunipa kadi kwa njia gani?

Mhasibu Nyegezi amejibu:

Uliza kama wanatoa kadi inayodhaminiwa na amana. Unaweka kiasi fulani kwenye akaunti ya muda maalumu, wanakizuia, na kikomo cha kadi kinalingana nacho au kinakuwa chini kidogo. Kwa mwenye mapato ya kupanda na kushuka kama wewe, benki hukubali hiyo kwa urahisi zaidi. Hakikisha amana inaendelea kupata riba ikiwa imezuiwa, na uandikiwe itachukua muda gani kuachiwa siku utakapoifunga kadi. Nenda na taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, usipeleke ya miezi mitatu: wakiiona ya mwaka wataona hela inavyoondoka na kurudi kila mwezi, na maelezo yako ya mbalamwezi yatakuwa na ushahidi mezani.