Mdogo wangu kamaliza dozi ya tatu ya taifodi, homa iko palepale. Nimchomeshe sindano za dukani?

Dada wa Pasua
Habarini wakuu, shikamooni mlionizidi. Niko Moshi. Mdogo wangu ana miaka 19, mwezi na nusu sasa homa inampanda jioni, kichwa kinagonga, tumbo linauma, chakula hataki. Zahanati ya jirani wamempima Widali mara tatu, kila mara "taifodi ipo". Karatasi ya mwisho imeandikwa O 1:160. Dozi ya kwanza sipro, siku ya nne akajiona mzima akaacha (vilivyobaki mama alivimeza alipoumwa tumbo, msinicheke). Ya pili sipro tena. Ya tatu septrini. Anapata nafuu wiki moja, inarudi. Jamaa wa duka la dawa anasema vijidudu vimekuwa sugu, niende na seftriaksoni za siku tano, kuna mtu atakuja kumchoma nyumbani. Hela niliyonayo ni ya hiyo tu. Nikubali?

Mzee wa Mbuyuni
Pole binti. Zamani tungekuambia majani ya mpera, ila miezi hii nimezika wawili, siongei.

Maabara Kwanza
Dada, usinunue bado. Jamaa wa duka huenda yuko sahihi, ila hakuna aliyemwona huyo kijidudu. Widali inasoma kinga ya mwili (hiyo O 1:160 ni kiwango chake), na kinga hukumbuka hata ugonjwa ulioisha zamani. Kumpima tena baada ya dozi "kuona kama imeisha" ni kuliwa hela. Na homa kuandikiwa jina bila uhakika si jambo geni: hapa hapa Moshi, 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa: walioandikiwa malaria 528, waliothibitika 14.

Usugu wenyewe upo. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi 1948, vijidudu vikaizoea. Ampisilini na septrini zikafuata njia hiyo, ndipo watu wakakimbilia sipro, nayo sasa inayumba. Pakistan tangu 2016 kuna taifodi isiyosikia hata seftriaksoni. Ya kumeza iliyobaki ni azithromisini, zaidi ya hapo ni dripu za meropenemu, bei yake usiulize. Nenda damu ikaoteshwe maabara, kijidudu kikiota kijaribiwe na kila dawa. Hospitali ya KCMC wanaotesha.

Nesi Zamu ya Usiku
Damu itolewe kabla hajaanza dawa mpya, na mtaje kila kidonge alichomeza. Dawa hizo zinaweza kumficha kijidudu, kwa hiyo "hakijaota kitu" isiwafanye mlale. Tumbo likikaza kama ubao au choo kikawa cheusi kama lami, msisubiri majibu. Utumbo unaweza kutoboka, na hapo ni upasuaji.

Kibosho Juu
Mimi nilitibiwa "taifodi" mara nne, kumbe brusela, ugonjwa wa mifugo. Niliupata kwa maziwa mabichi kwa bibi. Muulize na hilo.

Dada wa Pasua
MREJESHO. Kimeota wakuu, ni taifodi kweli. Sipro, septrini na ampisilini zote zimeandikwa R (kijidudu ni sugu). Seftriaksoni na azithromisini S (zinakiua). Jamaa wa duka nimemwambia, kavimba kichwa. Ila daktari kamlaza na kampangia seftriaksoni siku kumi. Kasema zile tano zangemtuliza tu halafu irudi. Siku ya tatu homa bado 39, nikalia, nikataka wabadilishe dawa. Nesi akanionyesha chati: kilele cha jioni kinashuka kidogo kidogo, hata dawa ikiwa sahihi homa huchukua siku kadhaa kukatika. Jana usiku kaomba ndizi.

Kilichobaki ni mama. Anauza mtori, na daktari anataka choo chake kipimwe, maana mtu anaweza kubeba kijidudu kwenye kifuko cha nyongo miaka na miaka bila kuumwa. Mama kanuna: "Kwa hiyo mimi ndiye nimemlisha mwanangu sumu?" Naanzaje?

Mzee wa Mbuyuni
Usimtume yeye. Sema nyumba nzima tunapima, uanze wewe. Akikuona asubuhi umebeba kikopo chako, atatafuta chake.

Dada wa Pasua
Kikopo ninacho. Kesho saa moja.