Wajukuu wa Bibi: Zuhura yuko Salvador

Zuhura: Asalaam alaykum nyote. Nimefika Salvador, huku Brazil, salama tangu jana. Kazi ya São Paulo imekwisha, nina siku mbili zangu kabla ya ndege.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Umekula?

Zuhura: Nimekula Mama, na ndilo lililonifanya niandike. Huku wanawake wamevaa magauni meupe ya marinda na vilemba, wanakaanga bajia za kunde barabarani! Wanaziita acarajé.

Shangazi Rukia: Za kunde hasa? Si za dengu?

Zuhura: Za kunde Shangazi. Nilisimama nikatazama. Zimerowekwa, zimetolewa maganda, zimesagwa na kitunguu. Yule mama akazipiga kwa mwiko mpaka zikaumuka, kisha akawa anachota na kutumbukiza kwenye mafuta ya mawese, mekunduu. Bajia moja kama ngumi. Anaipasua, anajaza rojo zito la mkate, tui na kamba wakavu, pilipili juu.

Shangazi Rukia: Hiyo ukila moja, chakula cha usiku basi.

Kibibi: Da Zuhura, ule mnara kwenye picha ni nini?

Zuhura: Ni lifti, Elevador Lacerda, ipo tangu 1873. Mji wa chini uko bandarini, wa juu uko kilimani, nayo inakupandisha mita 72. Huko juu ndiko kwenye mji wao wa kale, Pelourinho.

Mjomba Swaleh: Salvador ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wareno Brazil, 1549 hadi 1763. Pelourinho maana yake umeambiwa?

Zuhura: Nimeambiwa Mjomba. Nguzo ya kuchapia watu viboko. Watumwa walichapwa hadharani. Leo nyumba zimepakwa samawati, manjano na waridi, vijana wanapiga ngoma. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa, simu nikaiweka mkobani.

Mama: Mola awarehemu.

Zuhura: Kanisa lenyewe, Rosário dos Pretos, walilijenga watu weusi, wengi wao watumwa, kwa saa chache walizoachiwa. Walianza 1704, ikachukua karibu miaka 100. Leo Jumanne jioni kuna misa, na ngoma zinapigwa humo ndani.

Mjomba Swaleh: Na Wamalê umewaulizia? Waislamu wa hapo Salvador, Wayoruba na Wahausa, wengi wao watumwa. Walishika silaha Ramadhani ya Januari 1835 kudai uhuru wao. Walijua kusoma na kuandika herufi za Kiarabu, na waliouawa walikutwa na hirizi zenye aya.

Zuhura: Mwongoza wageni aliwataja mara moja tu akapita. Nitarudi kumwuliza.

Mama: Wasomee Fatiha mwanangu.

Zuhura: Nimewasomea sasa hivi Mama, hapahapa barabarani.

Kibibi: Na Kireno unakipata?

Zuhura: Moja moja. Meza ni mesa, kopo ni copo, bendera ni bandeira. Nilipouliza kanisa liko wapi, yule mama wa bajia akanijibu "igreja", mimi nikasikia gereza. Nikashtuka!

Mjomba Swaleh: Hukukosea. Gereza letu limetokana na neno hilohilo.

Zuhura: Wallahi Mjomba, na hapo nimekaa mbele ya kanisa lililojengwa na watumwa.

Shangazi Rukia: Zuhura, chumvi alitia kabla ya kuzipiga au baada?

Zuhura: Pamoja na kitunguu, Shangazi, kabla.

Shangazi Rukia: Basi. Kunde nimeshazitia majini. Kibibi, kesho asubuhi sokoni Kongowea, uniletee chupa ya mawese.