Kazi ofisi ya muungano wa makanisa, lazima uwe umeokoka?

Wasee, nimeitwa intavyuu ya uhasibu hapo Westlands na mimi ni Mwanglikana wa Krismasi na Pasaka tu, wataniuliza mistari ama?

>> Tulia. Nilikaa ofisi kama hiyo miaka mitatu, watakuuliza ripoti za wafadhili na risiti. Shida ni ibada ya asubuhi kabla ya chai, zamu ikikufikia unaongoza, yangu nilianza wimbo juu sana mpaka dereva wetu Mwothodoksi akainamia meza akicheka.

>> Na Kifaransa je? AACC (All Africa Conference of Churches) ya Waiyaki Way kwa mfano ilizaliwa Kampala 1963, wanachama ni makanisa ya Afrika nzima, barua ya Kinshasa haiji na Kiswahili cha Nairobi.

>> Aki sasa naogopa hiyo zamu kuliko intavyuu.