Mkandarasi wa zege Minnesota: nimkubali anayetaka kumwaga Novemba, au nisubiri Mei?

BintiMorogoro (mwanzisha uzi)

Ndugu wadau, habari za majukumu. Ninaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na ninaomba ushauri wa wale waliowahi kuajiri wakandarasi wa zege katika maeneo yenye baridi kali, kwa kuwa ujenzi ninaoufahamu ni wa Morogoro, ambako zege huharibiwa na jua na haraka ya fundi, wala si barafu.

Nina kazi mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: njia ya gari kutoka barabarani hadi gereji, futi 20 kwa 40, ambayo imepasuka na uso wake umebanduka magamba, kiasi kwamba ukipitisha koleo la theluji kokoto zinang'oka nalo. Ya pili ni ya biashara: mimi na wadogo zangu tunaendesha kituo cha kutwa cha wazee, na mwenye jengo ameturuhusu tujenge upya sehemu ya maegesho iliyo karibu na mlango, pamoja na mteremko wa viti vya magurudumu.

Nimepokea makadirio mawili. Bei ya mkandarasi wa kwanza iko chini ya mwenzake kwa karibu theluthi moja; anataka nusu ya fedha kabla hajaanza, na anasema atamwaga kazi zote mbili wiki ya kwanza ya Novemba. Karatasi yake ina mstari mmoja tu: kuondoa zege la zamani na kuweka jipya, unene wa inchi 4. Wa pili ameandika kurasa mbili zenye namba nyingi, hewa asilimia 6, nguvu ya paundi 4,500, uwiano wa maji 0.45, na anashauri kazi ya nyumbani isubiri Mei. Alikuwepo pia wa tatu, lakini tangu aje kupima hapokei simu.

Je, huyu wa pili anatafuta kisingizio cha ratiba iliyojaa, au Novemba kweli ni kuchelewa? Na zile namba zake zina thamani ya theluthi nzima ya bei?

Mpimaji_Duluth

Dada, kazi yangu ni kupima zege maabara, kwa hiyo nitaanza na hizo namba, kwa sababu ndizo unazozilipia.

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Zege lina vinyweleo vinavyonyonya maji ya theluji mchana, kisha usiku yanaganda humo ndani, na jambo hilo hujirudia mara nyingi katika kila majira ya baridi. Ili lisipasuke, kiwandani huchanganywa dawa inayotengeneza vipovu vidogo sana vya hewa, visivyoonekana kwa urahisi kwa macho, navyo huyapa maji yanayotanuka mahali pa kukimbilia. Hiyo ndiyo maana ya hewa asilimia 6. Kanuni za ujenzi wa makazi kwa maeneo ya baridi kali kama letu zinataka zege la nje, kama vibaraza na ngazi, liwe na hewa ya asilimia 5 hadi 7 na nguvu isiyopungua paundi 3,500 kwa inchi ya mraba. Huyo wa pili amepanda hadi 4,500 pamoja na uwiano wa maji kwa saruji wa 0.45, na kwa mahali panapomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu nisingemwambia apunguze hata kidogo. Mkandarasi aliyeandika "inchi 4" peke yake amekuuzia unene tu. Humo ndani anaweza kukuwekea chochote.

Kuhusu Novemba, mwongozo wa taasisi ya zege ya Marekani, ACI, unahesabu kuwa ni hali ya baridi pale joto la hewa linaposhuka, au linapotarajiwa kushuka, chini ya nyuzi 4 za Selsiasi katika kipindi ambacho zege linahitaji ulinzi. Zege bichi halipaswi kuganda kabla halijafikia nguvu ya takribani paundi 500, na halimwagwi juu ya udongo ulioganda, kwa maana udongo huo ukiyeyuka utatitia na bamba litabaki likining'inia. Kumwaga Novemba hapa kwetu kunawezekana, na miradi mikubwa hufanya hivyo kila mwaka, lakini ni kwa maji ya moto kiwandani, mablanketi ya kuhifadhi joto, na mtu wa kupima joto la zege usiku. Vitu hivyo vina gharama. Aliye nafuu kwa theluthi na anataka kumwaga Novemba, muulize mablanketi yake yako wapi kwenye ile bei.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Hata likishika vizuri, zege la Novemba huingia katika majira ya baridi likiwa bado limejaa maji, halijapata muda wa kukauka, na ndani ya wiki chache magari yanalidondoshea chumvi ya barabarani. Magamba unayoyaona kwenye njia yako ya sasa mara nyingi huanzia hapo.

Kipanga

Mnamtisha dada wa watu bure. Mimi nilimwagiwa sakafu ya banda langu mwishoni mwa Novemba, fundi akatia kalsiamu kloridi, zege likashika upesi na mpaka leo liko imara. Theluthi ya bei si fedha ya kuchezea.

Mpimaji_Duluth

Mkuu Kipanga, sakafu yako ina paa juu yake. Hainyeshewi, hailali chini ya theluji, wala haimwagiwi chumvi, kwa hiyo haifanani na njia ya gari. Kalsiamu kloridi huharakisha kushika, hilo ni kweli, ila huchochea kutu kwenye nondo, na kwenye maegesho ya kituo cha dada nondo zitakuwepo. Vipo viharakishi visivyo na kloridi kwa kazi ya namna hiyo. Tena kiharakishi hakiondoi haja ya mablanketi. Kinafupisha tu muda wa hatari.

MamaTausi_StPaul

Mwanangu, wenzangu wameshaongea habari za zege, mimi nitaongea habari za karatasi, kwa sababu huko ndiko watu wetu wengi hulia.

Hapa Minnesota, anayefanya stadi ya zege peke yake halazimiki kuwa na leseni ya jimbo ya mkandarasi wa makazi. Leseni hiyo inamhusu anayemuuzia mwenye nyumba stadi zaidi ya moja. Kwa hiyo usishangae mtu akikwambia hana, na si lazima awe tapeli. Lakini elewa matokeo yake: jimbo lina mfuko wa kuwafidia wenye nyumba waliodhulumiwa, na mfuko huo unamhusu mkandarasi mwenye leseni tu. Ukimpa asiye na leseni nusu ya fedha akatokomea, utabaki wewe na mahakama. Ndiyo maana mimi simpi mtu nusu. Atachukua kiasi kidogo cha kufungia ratiba, kiasi kingine siku zege la zamani likishaondolewa na kifusi kikishashindiliwa, na sehemu kubwa ibaki mpaka kazi ikamilike.

Bima usipokee kwa picha ya simu. Mwambie wakala wake wa bima akutumie cheti moja kwa moja, cha bima ya madhara kwa watu na mali na cha bima ya wafanyakazi. Kijana akiangukiwa na kipande cha zege uani kwako na mwajiri wake hana bima, kesi hiyo haitakupita mbali.

Halafu kuna hili la dhamana juu ya nyumba. Kiwanda cha zege kisipolipwa na mkandarasi wako, kinaweza kuweka dai juu ya nyumba yako ingawa wewe umeshamlipa mkandarasi kila senti. Sheria ya hapa inawapa siku 120 tangu kazi yao ya mwisho kuliandikisha. Kabla ya malipo ya mwisho, dai barua ya kuachilia dai hilo iliyosainiwa na mkandarasi, na nyingine iliyosainiwa na kiwanda. Mkandarasi mzoefu hatashangaa ukimwomba.

Na kile kipande kinachounganisha njia yako na barabara ni eneo la mji. Piga simu manispaa uulize kibali kinachukuliwa na nani. Kabla ya kuchimba, namba ni 811, huduma haina malipo, watakuja kuonyesha nyaya na mabomba yalipopita.

Edmonton255

Salamu kutoka Alberta. Kwetu huku zege la njia ya gari huagizwa kwa daraja, C-2, yaani nguvu ya megapaskali 32, uwiano wa maji usiozidi 0.45, na hewa. Ukitazama, namba za mkandarasi wako wa pili ni karibu zilezile kwa vipimo vya Kimarekani, kwa hiyo hajazitunga kukuvutia.

Ninachoongeza ni siku yenyewe ya kumwaga, maana mchanganyiko mzuri unaweza kuharibiwa uani kwako ndani ya dakika chache. Lori linapofika, vijana wakiona zege ni zito kulivuta, wa kwanza atakimbilia mpira wa maji. Kila galoni moja inayoongezwa kwenye yadi moja ya ujazo hulilainisha zege na kuliondolea takribani paundi 200 za nguvu. Dereva ana tiketi inayoonyesha aina ya mchanganyiko, saa lilipopakiwa, na maji yaliyoongezwa. Iombe na uipige picha. Kwa eneo lako la futi 20 kwa 40, unene wa inchi 4 ni kama yadi 10 za ujazo, na inchi 5 ni zaidi kidogo ya 12. Tiketi zikionyesha yadi 8, jua kwamba unene hauko ulikoambiwa.

Jambo la pili ni mwiko wa fundi. Baada ya kusawazishwa, maji hupanda juu ya zege na kung'aa. Fundi mwenye haraka huyasugua humohumo kwa mwiko wa chuma mpaka uso uwe kama kioo, na uso huo ndio utakaobanduka magamba mwaka wa pili. Zege la nje lisubiriwe maji yaishe, kisha lipigwe ufagio ili liwe na mikwaruzo. Huo ndio umaliziaji wake, na hata watu hawatelezi. Muulize kila mkandarasi atamaliziaje uso. Akijibu kwamba atalifanya ling'ae kama sakafu ya benki, mshukuru na umfungulie mlango atoke.

BintiMorogoro

Nawashukuru sana, Mama Tausi na wengine wote. Nimewapigia wote wawili. Wa kwanza nilipomwuliza asilimia ya hewa aliniambia kwamba kiwanda kinajua chenyewe, na nilipomwomba aandike alisema hana desturi ya kuandika mambo madogo. Wa pili amekubali malipo kwa awamu na barua za kuachilia dai.

Bado nina maswali mawili. Mikato ya kuongoza nyufa kwenye bamba la zege ipangweje, na chini ya zege kuwekwe nini? Pia kwa upande wa kituo chetu, mwenye jengo anasisitiza tumalize kabla ya Desemba kwa sababu ule mteremko wa sasa ni hatari kwa wazee.

Mpimaji_Duluth

Kwa bamba la inchi 4, mikato iwe kila futi 8 hadi 10, vipande vikaribie mraba, na kina cha mkato kiwe robo ya unene, yaani inchi 1. Ikatwe mapema, siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata. Ikicheleweshwa, zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Chini yake, udongo laini wa mfinyanzi uondolewe, iwekwe kokoto iliyosagwa ile ambayo hapa kila mtu huiita klasi 5, inchi 4 hadi 6, na ishindiliwe kwa mashine, si kwa kukanyagwa na matairi ya gari. Njia ya gari haihitaji msingi wa kina. Lakini chochote kitakachobeba ngazi au kibaraza chenye paa kilichoungana na nyumba, msingi wake uende inchi 42 chini huko kwenu Minneapolis, na 60 ukipanda kaskazini mwa jimbo, ili barafu ya ardhini isiunyanyue.

Ramani_na_Vipimo

Niingilie upande wa biashara, kwani nimesimamia maegesho kadhaa. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu, ADA, inataka mteremko wa viti vya magurudumu usizidi 1 kwa 12, yaani kupanda inchi 1 kwa kila inchi 12 za urefu, na nafasi ya kuegesha ya walemavu pamoja na ujia wake zisiinamie upande wowote zaidi ya 1 kwa 48. Zege likikauka na kasoro ya namna hiyo, hakuna kiraka cha kuirekebisha, hubomolewa. Kwa hiyo mkataba useme kwamba mbao za kuzuilia zege zitapimwa kwa pima maji mbele yako kabla lori halijaitwa.

Unene nao usiwe inchi 4, maana gari la taka na basi dogo la wazee yatapita hapo. Mimi nisingekubali chini ya 6 penye njia ya magari mazito. Lipa pia maabara huru ije kupima hewa, joto na ulaini wa zege papo hapo na kuchukua sampuli za zege zenye umbo la mtungi, zitakazovunjwa siku ya 28 ili kupima nguvu. Mpimaji alipwe na nyinyi au mwenye jengo, si mkandarasi.

Kuhusu Desemba, nashauri mgawanye kazi. Mteremko ni eneo dogo; unaweza kufunikwa kwa hema, kupashwa joto na kulindwa kwa mablanketi kwa gharama inayobebeka, hivyo ufanyike sasa. Maegesho yasubiri pamoja na njia yako ya nyumbani. Na majira haya ya kwanza, kwenye ule mteremko mtumie mchanga badala ya chumvi. Mbolea zenye amonia nitrati au amonia salfeti, ambazo wengine huyeyushia barafu, zisikaribie zege kabisa, hata kama duka limeziweka karibu na majembe ya theluji.

BintiMorogoro

Nimelipeleka wazo la kugawanya kazi kwa mwenye jengo na amelikubali, na gharama ya maabara atabeba yeye. Mkandarasi wa pili ameandika upya makadirio ya mteremko peke yake, pamoja na hema na mablanketi ya siku saba, na njia ya gari ameiweka wiki ya pili ya Mei kwa bei ileile, isipokuwa ameongeza sharti kwamba kiwanda kikipandisha bei ya saruji tutazungumza upya. Sharti hilo ni la kawaida?

MamaTausi_StPaul

Ni la kawaida, ila usilikubali likiwa wazi hivyo. Aandike bei ya yadi moja ya zege kwa leo, na kwamba utalipa tofauti itakayoonekana kwenye ankara ya kiwanda tu, bila kuongeza chochote juu yake.